Walii wa Sindano

Dada yangu Mwatum alipanga foleni pale skuli tangu asubuhi, kamshika mkono mwanawe Laila, na alipofika mbele ya meza akaulizwa swali ambalo mpaka leo likinijia njiani hunisimamisha.

"Walii wake nani?"

Aliyeuliza ni sheha wetu, mkuu wa shehia, Mzee Hafiz. Alikuwa amevaa kanzu iliyonyooshwa pasi, koti juu yake na kofia ya viua, kama mtu aliyealikwa harusini. Kando yake alikaa mwalimu mkuu, Mwalimu Fahmi. Nyuma yao, ndani ya darasa, muuguzi Epifania wa kituo cha afya alikuwa na kisanduku chake cha barafu na sindano zake, akingoja aletewe mtoto.

Nieleze ilivyokuwa, maana mtu wa mbali ataona nazua. Ilikuja chanjo ya wasichana, ile ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Watu wa afya walisema kwanza mzazi aridhie. Ni neno la haki, silipingi. Mtoto si mbuzi, hachukuliwi bila mwenyewe kuulizwa. Lakini mara iliyopita baba mmoja alirudi kutoka kambi ya uvuvi akamkuta bintiye keshachanjwa kwa ridhaa ya mama, akaja skuli na matusi mpaka watoto wakatolewa madarasani. Mwalimu Fahmi akaingiwa na hofu. Akenda kwa sheha, wakakaa wakatafuta namna ya kuchukua ridhaa ambayo hakuna mwanamume atakayekuja kuikana baadaye. Na wazee hawa, katika maisha yao yote, ridhaa inayohusu msichana wanaijua ya namna moja tu. Basi wakaichukua hiyohiyo nzima kama ilivyo. Walii wa msichana, yaani baba yake au ndugu wa baba yake, yule mwenye haki ya kumwozesha, akae kitini. Sheha amshike mkono. Amuulize mara tatu mbele ya mashahidi. Naye ajibu mara tatu: "Nimeridhia."

Kwa sindano!

Na watu waliitika. Akina baba walikuja na kanzu zao. Mmoja alikuwa amejifukiza udi, ukimpita unanukia. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakicheka chinichini, na mmoja akauliza kama halua italetwa.

"Walii wake nani?" Mzee Hafiz akarudia.

"Mimi mamake," alisema Mwatum.

"Nnakujua u mamake, Bi Mwatum. Mama hawi walii."

"Baba yake amekufa, Mzee Hafiz. Ulimzika wewe."

"Allah amrehemu. Basi ami yake. Hana ami?"

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na pikipiki yangu, maana ndiyo iliyowaleta. Nilijiambia ninyamaze. Nikashindwa.

"Sheha," nikasema, "tumekuja kumchanja au kumwoza? Kama ni kumwoza, bwana harusi yuko wapi tumwone?"

Foleni ikaangua kicheko. Hata Laila, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa ushungi kwa haya, nilimsikia akicheka ndani yake. Mzee Hafiz hakucheka.

"Na wewe, Ashraf, u nani wake?"

"Mjomba wake."

"Mjomba!" Akawageukia mashahidi wake. "Mjomba ndo hata hahesabiwi. Kaa na pikipiki yako hapo."

Nilitoka ukutani nikapita kando ya meza mpaka dirisha la darasa. Nikamwambia Epifania, "Sista, karatasi zenu nyinyi zinataka walii?"

Epifania ni mama wa Bara, Mkristo, ameishi kwetu siku nyingi na watu wanampenda. Alikuja karibu na nondo za dirisha akasema kwa sauti ndogo.

"Zinataka mzazi, mdogo wangu. Mama ni mzazi."

"Basi mwambie sheha."

"Nimemwambia jana. Nimemwambia na leo. Dozi ya mtoto wenu ipo, lakini mwalimu mkuu akisema mtoto asiingie darasani, siwezi kumfuata uani kumchoma kama mwizi. Na mimi hapa ni mgeni, unajua."

"Na mwakani?"

"Mwakani atakuwa amepita umri. Kesho tupo mpaka adhuhuri, halafu tunavuka kwenda kisiwani Makoongwe, na huku haturudi tena mpaka mwakani."

Nikamwangalia Mwatum. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa vilevile, mkavu, lakini mkono uliomshika Laila ulikuwa umekaza.

Dada yetu mkubwa, Rahma, alikufa kwa maradhi haya haya. Niseme kidogo tu. Alianza kutoka damu akasema ni uchovu. Alipokwenda kuonwa na daktari ilikuwa imeshachelewa. Alirudi kutoka Unguja amebebwa, na siku zake za mwisho alikuwa akituomba tusimkalie karibu kwa sababu alijisikia harufu yake mwenyewe. Rahma, aliyekuwa hatoki hata kwenda kisimani bila ya ua la asumini kichwani. Mwatum ndiye aliyekuwa akimwosha. Mtu aliyemwosha Rahma leo anaambiwa hana neno juu ya mwili wa mtoto aliyemzaa mwenyewe, kwa sababu neno analo Haidar.

Sasa Haidar ni nani? Ni ami yake Laila, ndugu wa marehemu baba yake. Ana duka la mabati na saruji Mkoani, na nyumba nzuri nyuma ya duka. Tangu kaka yake azikwe, Laila hakumwona Haidar kwake hata kwa Iddi. Huyo ndiye tuliyetumwa tukamwombe.

Tulimkuta barazani kwake na marafiki zake, wanacheza karata na kahawa imewekwa. Mwatum akasalimu, akasimama chini ya baraza, kisha akaeleza vizuri, kwa adabu, kama mtu anayeomba maji. Haidar alimsikiliza huku akizipanga karata zake.

"Shemegi," akasema, "miaka yote hii leo ndo umenijua?"

"Wewe nnakujua, shemegi. Njia ya kwangu ndo wewe huijui."

Rafiki mmoja akakohoa kuficha kicheko. Haidar akaweka karata chini.

"Sindano hiyo mie nshaisikia. Inafunga uzazi. Nani atamwoa mwana wa ndugu yangu akiwa tasa? Aibu itakuja kwangu, haiji kwenu."

"Nani kakwambia inafunga uzazi?"

"Watu wote wanasema."

"Watu gani?"

"Watu!"

Hapo tena nikashindwa. Nilimwambia kuwa yeye mabati anayoyauza yanavuja, na kwamba mtu asiyejua hata mwana wa ndugu yake amevaa kiatu nambari ngapi asituambie habari ya uzazi wake. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Marafiki zake wakainuka. Haidar naye akainuka, mshipa umemtoka kwenye paji la uso.

"Mie ndiye walii wake!" akapiga kelele mpaka watu wa duka la pili wakatoka kuangalia. "Huyu ni damu yangu! Si yako wewe wala si ya dada yako! Ntoto ni wa kuumeni, wa kwa babake! Ni wangu, nimekataa, na hachomwi!"

Laila alikuwa kando ya pikipiki. Alisikia.

Na Mwatum? Aliuliza jambo moja tu.

"Ni wako?"

"Ni wangu!"

"Haya," alisema. Akapanda pikipiki.

Njia nzima mpaka kwetu Mtambile nilikuwa nikitukana upepo. Nilisema nitakwenda kwa mkuu wa wilaya, nitakwenda redioni, nitakwenda kulala mlangoni pa sheha. Mwatum nyuma yangu hakuitika. Nilidhani amekata tamaa, na hilo likanizidisha hasira.

Asubuhi nilipokwenda kwake nikamkuta amekunja godoro la Laila na kulifunga kamba. Nguo za Laila zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, na daftari zake za skuli, na viatu, na mswaki. Laila alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu.

"Dada, unafanya nini?"

"Pakia godoro."

"Tunakwenda wapi?"

"Ashraf, pakia godoro."

Nikalipakia. Alimkodi na jirani mwenye pikipiki ili tutoshe. Tukashuka Mkoani tena, godoro limekaa nyuma yangu kama abiria mnene, na watu wa njiani wakiniuliza nahamia kwa nani.

Haidar alikuwa barazani na marafiki wale wale, duka limefunguliwa, wanakunywa chai. Mwatum hakusubiri. Alilivuta godoro mwenyewe, akalipandisha barazani, akalitua mbele ya miguu ya Haidar. Akaweka mfuko wa nguo juu yake. Kisha akamshika Laila mabegani akamsimamisha kando ya godoro.

"Asalaam aleikum. Shemegi, nimekuletea mwanao."

Haidar alikuwa na mandazi mdomoni. "Nini?"

"Jana ulisema ni wako. Watu wamesikia, na hawa marafiki zako ni mashahidi. Mie nilikuwa nnamlea nikidhani ni wangu, kumbe nnakosea. Walii ndiye mwenye kulisha na kuvisha. Basi huyu. Wali anakula, samaki wa nazi hapendi. Ana pumu kidogo wakati wa baridi. Skuli anasoma vizuri, ila hesabu umkalie. Daftari zake hizi."

"Shemegi, acha mzaha."

"Mzaha upi? Jana ulifanya mzaha?"

Marafiki wakatazamana. Mmoja wao, mzee anayeitwa Ishak, mwenye ndevu nyeupe, akaweka kikombe chake chini akasema polepole, "Bwana Haidar, maneno hayo jana kweli uliyasema. Ulisema damu yako."

"Nilisema, lakini..."

Pazia la mlango likafunguka, akatoka mkewe, Bi Riziki, kajifunga kanga, mwiko wa uji mkononi. Akaliona godoro. Akamwona Laila. Akamwangalia mumewe.

"Haidar. N'nani huyu?"

"Mwana wa marehemu kaka."

"Na godoro lake?"

"Hakuna godoro, mke wangu, hawa wanatafuta maneno."

"Hakuna godoro? Hili nnaloliona ni mkate? Umechukua ntoto wa kulea na mie ndani hujaniambia? Nami hapa nna wangu wanalala watatu watatu?"

"Sijachukua ntoto!"

"Basi si wako?" aliuliza Mwatum.

"Ni wangu kwa... kwa uwalii. Kwa kuozesha. Kwa mambo makubwa."

"Na haya madogo ya kula na kulala ni ya nani?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, wachukuzi wa bandarini na wanawake wenye ndoo za samaki, na mmoja akasema kwa sauti, "Anataka mahari, uji hataki!" Wakacheka. Nilitaka kucheka nami, lakini nikamwona Laila. Alikuwa amesimama pale pale alipowekwa, kando ya godoro lake, anaangalia ubao wa baraza, kama kitu kilichotolewa sokoni kikakosa mnunuzi. Kicheko kikanikauka.

"Mchukueni!" alisema Haidar mwishowe. "Mchukueni ntoto wenu. Mie sina neno nae. Mchomeni sindano, mchomeni na moto mkitaka."

"Mwambie sheha," Mwatum akasema.

"Siendi kwa sheha mie."

"Huna haja ya kwenda. Simu unayo."

Bi Riziki mwenyewe ndiye aliyeichukua ile simu mezani akamtia mkononi. Haidar akapiga. Mzee Ishak akamwambia aweke sauti ya nje ili wasikie wote, akaiweka. Tukamsikia Mzee Hafiz akiitika kwa salamu ndefu, anauliza habari za nyumbani na biashara. Haidar akamkata.

"Sheha, huyu ntoto wa Mwatum. Mie nimemtoa kwangu. Sina dhamana nae, simjui, hanihusu. Mamake ndo mwenyewe. Afanye atakavyo."

"Umeridhia?" simu ikauliza. Naapa iliuliza hivyo.

"Nimeridhia!"

"Umeridhia?"

"Nimeridhia, nimeridhia, basi!" Akaikata.

Tukapakia godoro.

Tulifika skuli jua limepanda, na Epifania alikuwa ameshaanza kufunga kisanduku. Mzee Hafiz alikuwa bado yuko mezani na koti lake. Alimwonyesha Mwatum kile kiti. Mwatum akakaa. Mkono hakumshika, kwa kuwa ni mwanamke, lakini maswali yake aliyauliza yote matatu, hakupunguza hata moja. Mwatum akajibu yote matatu, sauti yake imenyooka. Mwalimu Fahmi akaangalia pembeni. Laila akaingia darasani, akakunja mkono wa kanzu yake ya skuli, Epifania akamfuta kwa pamba na kumchoma. Ilikuwa imekwisha kabla sijapata kuvuta pumzi. Kitu kidogo namna hiyo!

Kwenye ukumbi wa skuli walikuwa wamebaki wasichana wengine na mama zao, wamekaa chini, migongo ukutani. Ni wale ambao walii zao hawakupatikana au hawakutaka. Habari za godoro zilikuwa zimeshatutangulia, maana simu zipo. Mwanamke mmoja akamwita Mwatum.

"Shoga, umefanya la maana. Lakini wangu mie ami yake yuko Maskati. Godoro nikalipeleke uwanja wa ndege?"

Walicheka wote, na Mwatum naye akacheka kidogo, kisha kicheko kikawaisha. Mwatum akarudi mezani.

"Mzee Hafiz. Na hawa?"

"Hawa walii zao wapo."

"Wapo wapi?"

"Wapo, Bi Mwatum. Kuwa mbali si kutokuwepo. Mambo yana utaratibu wake."

"Utaratibu wa nani? Sista huyu anasema mzazi. Hawa si wazazi? Wamewaokota?"

"Bi Mwatum, wako keshachanjwa. Shukuru uende zako."

Nilikwenda mpaka ukingo wa meza. Nilitaka kuipindua. Mwalimu Fahmi aliniona usoni akashika karatasi zake. Mwatum akanishika ukosi, akaniambia bila ya kuniangalia, "Ukiipindua watasema sindano imeleta fujo, na mwakani haiji kabisa." Basi nikasimama pale mikono imening'inia, nikamtazama Epifania akifunga kisanduku chenye dozi za watoto wale, watoto nao wakikitazama. Hakuniangalia. Gari lilikuwa likipiga honi, chombo cha Makoongwe kinangoja. Wale mama wakainuka mmoja mmoja wakakung'uta kanga.

Ridhaa ya mzazi! Waliitunga sheria ili mtu asifanyiwe jambo mwanawe bila kujua. Ikafika kwetu, wanaume wakaisikia, kila mmoja akadhani anaulizwa yeye. Aliye Maskati akadhani anaulizwa yeye. Maiti kaburini naye, kama angeweza, angetuma mdogo wake aje kujibu. Aliyekuwepo na mtoto asubuhi na jioni, huyo peke yake ndiye hakuulizwa.

Kutoka skuli mpaka nyumbani si mbali. Laila hakutaka kupakiwa. Alitembea mbele yetu kwenye njia ya mikarafuu, amejishika mkono pale palipochomwa. Mimi nikaisukuma pikipiki na godoro lake, Mwatum kando yangu.

"Panauma?" nikamwuliza.

"Hapaumi, Mjomba."

Tukaenda kidogo. Kisha akasimama, akageuka, akamwangalia mamake.

"Na kama Ami angesema, 'Haya, mwache,' ungeniacha?"

Nilitamani Mwatum aseme uongo. Mtoto wa umri ule anastahili uongo mmoja mzuri baada ya siku kama ile.

"Ningekuacha," alisema.

"Pale? Kwa watu wasionijua?"

"Pale. Na ningekuja kila siku kusimama chini ya baraza lake, nimwulize keshakuchoma au bado. Angenichoka kabla sijamchoka."

"Kwa ajili ya sindano tu, mama?"

"Wewe mama yako mkubwa Rahma hukumwosha," Mwatum akasema. "Mie nilimwosha."

Laila alimwangalia. Sijui alipima nini. Kisha akavuta ushungi wake akautengeneza, akageuka na kuendelea kutembea, na hakungoja tumfikie. Mwatum akamfuata nyuma, kwa umbali ule ule, hakuupunguza wala hakumwita. Nami nikawafuata na godoro, injini nimeizima, nina hasira ya kuvunja nyumba na hakuna nyumba hata moja pale njiani iliyokuwa na kosa.